Donatienne Nabintu, Msomaji Aliyekwenda Kwanza Kuota Moto

Ndugu na jamaa, majirani wa Nyamugari na Mushasha, nanyi mliosafiri kutoka Muyinga, Mutoyi na Bukavu: wengi wenu mlimjua Donatienne kwa uso kabla ya kumjua kwa jina, kwa kuwa kila jioni aliingia nyumbani kwenu bila kupiga hodi. Leo ninyi ndio mmekuja kwake. Familia inawashukuru, na inaomba mkae kidogo msikilize alikotoka.

Donatienne Nabintu Zihalirwa alizaliwa Gitega tarehe 9 Machi 1971, mtoto wa tatu wa mzee Zihalirwa na mama Béatrice. Baba yake alikuwa fundi cherehani kutoka Kabare, Kivu ya Kusini, aliyevuka mpaka mwaka 1964 akikimbia vita, na cherehani yake ikavuka naye ikiwa imefungwa mgongoni kwa kamba kama mtoto. Aliiweka kwenye baraza ya nyumba moja Nyamugari. Hapo aliwashonea Waislamu kanzu za Idi, akawashonea Wakristo nguo za watoto za Komunyo ya kwanza, na Donatienne alikua katikati ya vitambaa hivyo viwili, vyote vyeupe. Vitambaa vilikuja vimefungwa kwa magazeti makuukuu. Mtoto aliyachukua, akayanyoosha kwa kiganja, akawasomea wateja waliokuwa wakingoja nguo zao. Ilikuwa ni habari za miaka iliyopita, za nchi ambazo hakuna aliyezijua, lakini wateja walinyamaza wakasikiliza. Mama Béatrice alikuwa akisema: "Huyu mutoto iko na sauti ya kutuliza mbuzi."

Alisoma shule ya msingi Mushasha, kisha akaendelea hapo hapo Mushasha na masomo ya ualimu, akamaliza mwaka 1991. Mwaka huo huo alipelekwa kufundisha Mutoyi, kwenye misheni, na hapo alikaa miaka kumi na mitano. Wanafunzi wake waliopo hapa leo wanakumbuka kwamba hakuwahi kupaza sauti darasani. Alipokasirika aliishusha, na darasa zima likainama kumfuata chini alikokwenda.

Oktoba 1993, nchi ilipochafuka, watu wengi walikimbilia misheni ya Mutoyi, na watoto wengi walifika bila wazazi. Donatienne alizunguka kati yao akiuliza majina. Kila asubuhi alisimama kwenye ngazi za shule akayasoma kwa sauti, ili mzazi aliyefika usiku ajue kama wake yupo. Mtu mmoja alimpa karatasi yenye majina mengine, akamwambia ayasome pia, hao watoto wako njiani wanakuja. Alikataa. "Mi nasoma yule nimeshika mukono," alisema. Hivyo ndivyo alivyoanza kazi ya habari, ingawa hakuna aliyekuwa akiiita hivyo.

Televisheni Kati, ambayo leo tunaiona kama kitu kilichokuwepo siku zote, ilizaliwa kutokana na harusi. Bwana Uthmani, mwana wa Nyamugari, alikuwa na duka la kupiga picha za video kwenye harusi, na alikuwa na kamera mbili na pazia moja la buluu lenye maua ambalo alilitundika nyuma ya bwana na bibi harusi. Mwaka 2006 alipata kibali na mnara mdogo kilimani. Akamwita Donatienne, aliyekuwa amemsikia akisoma masomo kanisani siku alipokwenda Mushasha kupiga picha za harusi ya Wakristo. Pazia halikubadilika. Kwa mwaka mzima wa kwanza Gitega ilisikia bei ya maharage na ajali za barabarani zikisomwa mbele ya maua ya harusi. Mpiga picha alikuwa Mustafa, na huko Muyinga mwandishi alikuwa Sefu, kijana wa mtaa wa Waswahili. Kanda zake zilikuja Gitega na basi la asubuhi, zimefungwa ndani ya mfuko wa mkate ili dereva asizisahau. Mara moja dereva alikula mkate akasahau kanda.

Habari zilisomwa kwa Kirundi na kwa Kiswahili. Taarifa ya Kiswahili, saa moja na nusu jioni, ilikuwa ya Donatienne, na ilimalizika kwa matangazo ya vifo. Mnayajua: familia ya fulani inatangaza kifo cha fulani, wanaarifiwa fulani na fulani, popote walipo. Kwetu, ambako mtu ana shangazi Muyinga na kaka Bujumbura na simu ya jirani tu, tangazo hilo ndilo lililomfanya ndugu apande basi awahi maziko. Watu waliokuwa hawajali siasa wala mpira walizima redio, wakasogea karibu na televisheni, wakasikiliza matangazo hayo hadi mwisho.

Jioni ya tarehe 13 Februari 2007 Donatienne alikuwa katikati ya matangazo umeme ulipokatika. Mustafa alikimbia akawasha jenereta. Taa ziliporudi, Donatienne alishika karatasi akaendelea, lakini jicho lake liliangukia mstari usio wake. Mtu aliyekuwa anatangaza kifo cha baba yake mdogo akawa yeye ndiye aliyekufa. Jina lake lilikuwa Bashizi Pascal, mfanyabiashara wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, na chumvi pale Muyinga. Alikuwa amekaa na wenzake mkahawani, na sahani ya mbele yake haijaisha.

Muyinga walicheka, maana walimwona. Nyamugari hakuna aliyecheka, kwa sababu hapo ndipo alipokuwa akiishi mama yake, M'Bagalwa, mjane, na huyo alikuwa mwanawe pekee aliyebaki. Alipiga kelele moja, akajifunga kitambaa cha kilio kichwani. Majirani walileta kuni, wakawasha moto uani, wakaanza kuja na bia na maharage. Bashizi alipiga simu. Mama aliishika mbali na sikio akasema mashetani nao wana simu siku hizi. Asubuhi mwana akapanda basi akafika mwenyewe. Akamkuta mama amekaa kwenye mkeka, akamshika magoti. Mama alimtazama, akamgusa uso, akalia upya, wala hakuvua kitambaa. Alisema: "Kuna watu wanakuja kuaga mbele ya kwenda. Televisheni ndo iliniambia umekufa. Televisheni iniambie uko muzima."

Basi Bashizi akaenda Televisheni Kati. Mustafa anasimulia hadi leo jinsi mlango ulivyofunguka.

"Nani hapa anaitwa Donatienne?"

"Ni mi, papa."

"Mi ni Bashizi wa Muyinga. Yule uliuwa jana."

Uthmani, ambaye ulimi wake hauna breki, akavuta kiti: "Karibu, marehemu. Kaa, umetoka mbali."

"Asante. Hata bia yangu ya matanga walishaikunywa bila mi."

Lakini alipoeleza habari ya mama yake, hakuna aliyecheka tena. Donatienne aliomba kosa lisahihishwe jioni ile ile, mwanzoni mwa habari, na Bashizi aonekane. Uthmani hakutaka. Televisheni ilikuwa bado changa, na alijua wako wanaongoja ianguke. "Dada yangu," alisema, "tukikubali kosa moja, kesho watauliza ingine iko wapi. Huyu bwana watamuona sokoni, itatosha."

"Mama yake haendi soko ya Muyinga."

"Tutamtumia mutu amuambie."

"Alimuona mwenyewe kwa macho, hakuamini. Ataamini mutu?"

"Dona, mi ndo directeur."

"Ni sawa, directeur. Leo habari zitasomwa na pazia." Akavaa koti lake.

Saa moja na nusu Bashizi alikuwa amekaa kando yake mbele ya maua ya harusi. Donatienne alisema: "Jana jioni niliwaambia kwamba Bwana Bashizi Pascal wa Muyinga amefariki. Si kweli. Aliyefariki ni baba yake mdogo, na Bwana Bashizi ndiye aliyekuwa anawaarifu. Kosa ni langu. Huyu hapa, yu hai." Hakuwa amemwambia la kusema. Bashizi alitazama upande usio na kamera, akasema: "Mama, ni mi. Vua ile kitambaa. Na uniwekee chakula." Wale waliokuwa uani kwa M'Bagalwa wanasema bibi kizee alisimama, akavua kitambaa, akakitupa motoni, na vigelegele vya Nyamugari vilifika hadi studio. Mustafa alivisikia akadhani kuna harusi.

Tangu siku ile Donatienne aliweka sharti, na hakuna mkubwa aliyefanikiwa kulivunja. Hakuna kifo kilichosomwa Televisheni Kati kabla mmoja wa watu wa studio hajafika nyumbani kwenye msiba, akakaa motoni na watu, na kusikia neno kutoka kinywani mwa mwenye msiba mwenyewe. Karatasi peke yake haikutosha, wala simu. Wao wenyewe waliliita jambo hilo kwenda kuota moto. Tangazo likifika, Uthmani aliuliza tu: "Nani ameota?" Muyinga yote aliizunguka Sefu kwa baiskeli, baadaye kwa pikipiki. Wenzao wa vituo vingine waliwaita televisheni ya matanga. Walisema Sefu amenenepa kwa maharage ya misiba. Sefu alijibu kwamba ni kweli, lakini hajawahi kumzika mtu aliyekuwa anakula naye.

Sharti hilo liliwagharimu zaidi Septemba 2013. Basi dogo kutoka Muyinga lilianguka mteremkoni, upande wa Karuzi, na majina ya waliokufa yakaanza kuzunguka kwenye simu kabla majeruhi hawajatolewa wote. Redio moja iliyasoma. Televisheni Kati ilisema ajali imetokea, ikasema watu wamekufa, ikanyamaza kuhusu majina. Watu walijaa getini. Mwenye duka la vitenge Nyamugari, mama Kadidja, ambaye mwanawe Houssein alikuwa ndani ya basi lile, aligonga bati la geti kwa kiatu.

"We Dona! Unaficha mutoto wangu!"

Donatienne alitoka akasimama mbele yao. "Dada Kadidja, simufichi. Sina majina. Niko na watu wameenda kuangalia."

"Wengine wamesoma!"

"Wamesoma Houssein?"

"Hapana!"

"Na mi sijamusoma. Ngoja na mi."

Alitukanwa maneno ambayo hayafai kurudiwa hapa, na jiwe moja lilivunja kioo cha dirisha. Sefu alipofika hospitali, alikuta wawili waliosomwa na redio wako hai, mmoja akiomba maji. Houssein ambaye hakusomwa ndiye aliyekuwa amefariki. Donatienne hakumpa mtu mwingine habari hiyo aibebe. Alikwenda mwenyewe kwa miguu hadi nyumbani kwa Kadidja, akavua viatu, akaketi chini kando yake. Kadidja alipomwona ameketi, alijua. Walikaa hivyo, mkono ndani ya mkono, na taarifa ya jioni ile ilisomwa na mtu mwingine. Kesho yake Kadidja akasema: "Sasa unaweza kusoma." Donatienne akaenda akasoma.

Kuhusu ndoa yake, familia inaweza kusema kwa tabasamu kwamba alioa maiti, au maiti ilimwoa. Baada ya lile kosa Bashizi alianza kupita Televisheni Kati kila alipofika Gitega kumsalimu mama yake, na mkononi alikuwa na mfuko wa ndagala. Donatienne aliuliza: "Nani amekufa leo?" Naye alijibu: "Hakuna. Nilikuja kuhakikisha kama bado niko muzima." Walifunga ndoa kanisani Mushasha tarehe 26 Julai 2008. Uthmani alileta pazia lile lile likatundikwa nyuma yao bure, na akasema hadharani kwamba ndiyo mara ya kwanza tangu televisheni ianzishwe pazia limerudi kwenye kazi yake. M'Bagalwa alicheza hadi akavuliwa viatu. Aliishi na mkaza mwanawe kwa mapatano hadi alipofariki mwaka 2016, na ni Donatienne aliyemfumba macho. Mungu aliwapa watoto wawili, Ansima, aliyezaliwa 2009, na Murhula, aliyezaliwa 2012. Bashizi alihamisha biashara yake kutoka Muyinga. Alisema hawezi kukaa mbali na mtu ambaye akitaka anaweza kumuua tena.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 miguu ya Donatienne ilianza kuvimba, na madaktari wakagundua kwamba figo zimechoka. Alisafishwa damu Bujumbura, akienda na kurudi, na siku ambazo hakusafiri alikwenda studio kumfundisha Pili, msichana aliyeshika kiti chake. Hakumfundisha sauti. Alimfundisha kutembea hadi nyumba ya msiba, namna ya kuketi, na kunyamaza hadi mwenye msiba aseme. Sefu alipokuja kumwona kutoka Muyinga, alimwambia: "Siku yangu ikifika, musisome kwa kusikia. Mukuje." Sefu akajaribu kumchekesha: "Dada, we ukikufa nani atatukubalia kama ni kweli?" Alicheka. Kisha akamwambia amwekee mto vizuri.

Alifariki nyumbani Nyamugari, Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, asubuhi, mkono wake ndani ya mikono ya mumewe.

Mchana ule wenzake walifika: Uthmani, Mustafa na Pili. Walijua. Uthmani alikuwa ameshamlilia njiani. Hata hivyo waliketi motoni pamoja na wanaume wengine, wakangoja, na baadaye Uthmani akasema kwa upole: "Bwana Bashizi, tumekuja kuota moto. Utupe neno."

Bashizi alisukuma ukuni ndani ya moto. Kisha alisema: "Mi alinitoa kwa kaburi na kinywa chake. Kinywa changu hakiwezi kumuingiza."

Hawakumsukuma. Walirudi studio, na jioni ile habari ya Kiswahili ikaisha bila tangazo lake. Wako waliosema ni ukatili kuacha kumtangaza mtu wa nyumba yenyewe. Lakini sharti lilikuwa lake. Asubuhi Sefu alipiga simu kutoka Muyinga, sauti imekatika. Huko watu walikuwa wamekwisha kusikia kwenye simu zao, kisha wakakaa mbele ya televisheni, na kwa kuwa haikusoma, wakaamka wanashukuru. Walisema: kama Kati haijasoma, Dona ni mzima. Mzee mmoja alikuwa amechinja kuku.

Kadidja ndiye aliyemletea Bashizi habari hiyo. Alivua viatu, akaketi chini kando yake, kama alivyoketiwa yeye. "Shemeji," alisema, "Muyinga wanashukuru Mungu. Wanafikiri ni muzima, kama mama yako alifikiri umekufa. Ule uongo Dona alikimbia kuuondoa kwa siku moja tu. Huu we unauacha."

Bashizi aliomba koti lake.

Jumatano hiyo saa moja na nusu Pili alisoma habari, na alipofika kwenye matangazo aliweka karatasi chini. Bashizi alikuwa amekaa kando, mahali pale pale alipokaa mwaka 2007, na pazia la buluu, ambalo maua yake sasa yamefifia, lilikuwa nyuma yake. Safari hii aliijua kamera iko wapi.

"Ndugu wa Gitega na Muyinga, munanijua. Mi ndo yule alikuwa amekufa. Leo ni yeye. Nilikuwa naye, nilimushika mukono. Ni kweli. Mukuje tumuzike."

Ndiyo maana tumejaa hapa leo, Jumamosi tarehe 12 Oktoba, na Muyinga imekuja na mabasi.

Donatienne ameacha mume, Bashizi Pascal. Watoto wawili, Ansima na Murhula. Mama yake mzazi, Béatrice, ambaye bado anaisikia ile sauti ya kutuliza mbuzi. Kaka zake wawili walioko Bukavu na mdogo wake aliyeko Mushasha. Wapwa na wajukuu wa ukoo wa Zihalirwa. Wanafunzi wake wa Mutoyi. Dada yake wa mkeka mmoja, Kadidja. Na wenzake wa Televisheni Kati, Uthmani, Mustafa, Sefu na Pili, ambao hawatasoma kifo cha yeyote kati yetu kabla ya kuja kuketi nasi.

Dona, kila jioni uliwatakia wengine amani, na hukuwatakia kabla ya kwenda kuwaona. Nasi leo tumekuja, tumekuona. Amani ile sasa ni yako. Pumzika ndani yake.